Fundi wa Saa ya Hadithi

Ndindi alijua mambo yameharibika pale alipomwona baba yake akiingia maktabani.

Mzee Makau hakuwa mtu wa maktaba. Alikuwa dereva wa lori, na kusoma kwake kulikuwa kusoma vibao vya barabarani kutoka Mombasa mpaka Malaba, basi. Tangu binti yake apate kazi katika maktaba ile ndogo ya mtaa, hatua chache kutoka Barabara ya Jogoo, mzee alikuwa akimsifu kwa kila aliyekaa naye kwenye benchi la kanisa, lakini mlango wenyewe hakuwahi kuukanyaga. Sasa alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi, akiwatazama wazee wa gazeti. Gazeti lilikuwa moja nao walikuwa wengi, kwa hivyo walikuwa wameligawana, kila mmoja na ukurasa wake, wakibadilishana bila neno kama watu wanaocheza karata.

Ndindi alimkimbilia.

"Baba! Kuna nini? Mama ni mgonjwa?"

"Mama yako ni mzima. Nimekuja kusikia."

"Kusikia nini?"

"Hiyo hadithi," mzee akasema bila kumwangalia. "Ile ya fundi."

Ndindi aligeuka upande wa watoto, ambako mkeka ulikuwa umeshajaa.

Na nieleze kidogo, maana wewe msomaji hukuwepo. Kila Jumamosi asubuhi, watoto wa Maringo, Bahati, Shauri Moyo na Makadara walikuwa wakifurika upande wa watoto kwa ile iliyoitwa saa ya hadithi. Wengine walikuja wakibeba wadogo zao mgongoni, kwa sababu waliachiwa kazi ya kuwalea. Ndindi, ambaye wote walimwita Anti, alikuwa akikaa kwenye kiti, watoto mkekani, na kuwasomea. Shida ni kwamba vitabu vya hadithi vilikuwa vichache, na watoto wa mtaa hawasahau. Akifungua tu ukurasa wa kwanza wanapiga kelele, "Zii, Anti! Hiyo tushasikia!" Basi Ndindi alianza kuwatungia. Alikuwa anafungua kitabu chochote mbele yake, mkubwa wake akipita aone anasoma, huku maneno yakitoka kichwani mwake. Watoto waliamini kila neno. Hadithi ikiisha walikimbilia kwenye rafu kutafuta kitabu hicho wasikipate, wakalaumiana kwamba kuna mtu amekiazima.

Na mtu akitunga, atatunga nini zaidi ya kile kilichomjaa moyoni? Ndindi alikuwa amejaa Njogu.

Maktaba ilikuwa na sheria: mtoto hashiki kitabu kabla ya kuonyesha mikono, mbele na nyuma. Siku Njogu alipoingia mara ya kwanza, akiwa na ovaroli, moja kwa moja kutoka gereji ya Shauri Moyo, Ndindi alikuwa amekagua mikono tangu asubuhi mpaka amechoka. Alisema tu, bila kuinua kichwa, "Mikono." Kijana akanyoosha mikono kama mtoto wa darasa la pili. Ilikuwa nyeusi tititi kwa grisi. Ndindi aliinua macho, akakutana na uso unaojizuia kucheka, na hapo alipaswa kuomba radhi. Badala yake alisema, "Nyuma pia." Njogu akaigeuza. "Nenda ukanawe." Njogu akaenda kwenye bomba la nje, akanawa, akarudi maji yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko. Tangu siku hiyo Ndindi hakuwa mtu wake mwenyewe tena.

Njogu alikuwa msomaji wa aina yake. Kitabu alichoazima hakukisoma peke yake. Saa ya chakula mafundi walikuwa wakikaa juu ya matairi, kila mtu na mkate wake, naye anawasomea kwa sauti, akiwafasiria palipokuwa na Kiingereza kigumu. Hata wale waliokuwa wamelala chini ya magari walitoa vichwa. Ndindi alipoelezwa hayo alicheka, kisha usiku akalala akifikiria sauti hiyo.

Lakini nyumbani kulikuwa na Phares. Phares alikuwa karani wa mahakama pale Makadara, kijana mpole, suruali zake za bugaluu, zile pana chini, zimenyooka kwa pasi, wazazi wake na wazazi wa Ndindi wametoka kijiji kimoja kule Machakos. Watu wake walikuwa waje kuposa Jumapili, yaani kesho. Na habari ya mafundi Mzee Makau hakutaka hata kuanza kuisikia. "Fundi akikuambia gari iko tayari," alikuwa akisema kila mara, "beba blanketi, utalala njiani, Mtito Andei." Ndindi alikuwa akiinamisha kichwa na kuendelea kuchambua mchele.

Baba angeweza kubembelezwa siku moja. Kilichomuumiza Ndindi zaidi ni kwamba Njogu mwenyewe alikuwa ameacha kuja. Hadithi ilikuwa imetoka maktabani ikaingia mitaani. Katika hadithi Ndindi alimwita yule kijana Fundi Masizi, watoto hawakukawia kumtambua, na sasa kila Njogu alipopita walimfuata wakiimba, "Fundi Masizi, nawa mikono! Fundi Masizi, sabuni iko wapi?"

Ndiyo hadithi ambayo Mzee Makau alikuwa ameisikia kwenye bomba la maji la mtaa wao, kutoka kwa watoto wa jirani. Na Mzee Makau, hata kama hakusoma vitabu, hakuwa mjinga.

"Baba, ni hadithi ya watoto tu," Ndindi akajaribu.

"Basi nitakaa na watoto."

Alikwenda akajishusha kwenye kimojawapo cha vile viti vidogo vya darasa la kwanza, magoti yakamfika kifuani. Watoto walimkodolea macho, kisha wakamzoea. "Fundi! Fundi! Fundi!" wakaanza kuimba.

"Leo ni ya sungura," Ndindi akasema.

"Zii!"

"Sungura mpya, hamjamsikia."

"Zii, Anti! Tunataka Fundi!"

Ndindi alifungua kitabu. Ndipo mlango ukafunguliwa na Njogu mwenyewe akaingia. Hakuwa na ovaroli. Alivaa shati jeupe na viatu vilivyong'arishwa, kama mtu anayesafiri. Kitabu kilikuwa kwapani.

Moyo wa Ndindi uliruka. Alikuwa na hamu na mtu huyu kuliko alivyojua. Alitaka kumwangalia tu, asiulizwe kitu na mtu yeyote.

"Fundi Masizi!" mtoto mmoja akapiga ukelele, na mkeka mzima ukaangua kicheko.

Njogu alisimama. Uso wake ulikunjamana. Akaenda mpaka mezani na kuweka kitabu, na juu ya kitabu akaweka kadi yake ya maktaba. Ndindi akamfuata upesi.

"Njogu."

"Nimerudisha kitabu. Na kadi."

"Kadi ya nini? Kitabu mmekimaliza?"

"Hatujamaliza. Wenzangu wamenikasirikia, wanataka kujua yule nahodha aliponea wapi. Watajua siku nyingine." Alizungumza kwa sauti ya chini. "Naenda Nakuru Jumatatu. Nimepata kazi huko."

"Nakuru! Na hukuniambia?"

"Nikuambie ndio ukawahadithie?"

Ndindi alitupa jicho mkekani, ambako watoto walikuwa bado wanacheka.

"Unasikia hao?" Njogu aliendelea. "Watoi wa mtaa mzima, Ndindi. Nikitoka nyumba naimbiwa. Nikienda duka naimbiwa. Juzi mteja mmoja aliniletea gari na akaniuliza kama nimenawa. Kama hukuwa unanitaka si ungeniambia tu? Ningeelewa. Mimi najua mkono wangu uko aje. Najua pia kuna karani. Lakini kunifanya mchezo wa watoto, hiyo sikudhani ungenifanyia. Wewe nilikuwa nakuona mtu tofauti."

"Si vile unafikiria."

"Ni vile gani basi?"

Maneno yalikuwa yamemjaa Ndindi mdomoni. Lakini baba yake alikuwa palepale nyuma, ameegemeza kidevu kwenye magoti yake, akiwatazama wote wawili. Ndindi aliinama akazipanga kadi zilizokuwa mezani. Njogu alingoja kidogo, akatikisa kichwa, akageuka kwenda.

"Lakini Anti, wewe ulilia."

Aliyesema alikuwa Wacera, msichana wa miaka minane, binti wa mama mwenye nyumba aliyopanga Njogu. Alikuwa amesimama mkekani, mdogo wake mgongoni.

"Wacera, kaa chini," Ndindi akasema.

"Si ulilia! Jumamosi ile ingine. Pale msichana wa mlango alimfukuza Fundi na Fundi akaenda mbali. Ulinyamaza, ukafuta macho na mkono wa sweta. Si alilia, nyinyi?"

"Alilia!" mkeka ukajibu. "Hata kamasi!"

Njogu aligeuka polepole. "Wewe Wacera. Hiyo ya kulia mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nilikuambia ile ya sabuni ukakasirika, ukafunga mlango."

Njogu alimtazama Ndindi. Mtazamo huo haukuwa na hasira tena, ulikuwa na swali tu, na Ndindi aliona kwamba akilipita swali hilo leo hatalipata tena. Nakuru kuna wasichana. Na kesho nyumbani kwao kutakuwa na chai, mandazi na wazazi wa Phares.

Alipiga moyo konde.

"Kaa," akamwambia. "Sikiliza yote. Halafu kama bado unataka kurudisha kadi, nitaipokea na nitakuandikia umeondoka."

Viti vilikuwa vimekwisha. Njogu alikaa mkekani katikati ya watoto na shati lake jeupe, na Wacera akasogea kumpa nafasi. Ndindi akarudi kwenye kiti chake, akafunga kitabu, akakiweka sakafuni.

"Anti, kitabu!" watoto wakashtuka.

"Hii haiko kwenye kitabu. Haya. Hapo zamani, lakini si zamani sana, palikuwa na nyumba kubwa ya vitabu. Mlangoni alikaa msichana, na kazi yake ilikuwa kuangalia mikono ya watu."

"Tunajua!"

"Mnajua ya fundi. Ya msichana hamjui." Alisogeza kiti mbele. "Huyo msichana alikuwa amechoka. Kila mtu alimwonyesha mikono, hakuna aliyemwangalia usoni. Siku Fundi alipokuja, alinyoosha mikono, na akamwangalia. Msichana akasahau alichotaka kusema. Ndiyo maana alimwambia akanawe. Hakumchukia. Aliogopa."

"Aliogopa nini?" Wacera akauliza.

"Aliogopa vile moyo ulikuwa unaenda mbio. Na Fundi alipoenda kunawa, msichana alisimama dirishani akamchungulia mpaka akamaliza. Fundi mwenyewe hajui mpaka leo."

Njogu aliinua kichwa.

"Tangu hapo akawa anamngoja. Kitabu kizuri kikiletwa, alikificha chini ya meza, Fundi akipate kwanza."

"Hiyo ni makosa!" mtoto mmoja akasema.

"Ndiyo, ni makosa. Alifanya makosa mengi kwa sababu yake."

"Halafu?"

Sauti hiyo ilikuwa nzito. Watoto waligeuka. Ni Mzee Makau aliyeuliza, naye alionekana kushangaa kwamba ameuliza. Alijikohoza na kuangalia kofia yake.

"Halafu," Ndindi akasema, na sasa alikuwa akimwangalia baba yake moja kwa moja, "nyumbani kwa msichana kukaja habari ya mtu mwingine. Mtu mzuri, hana kosa lolote. Ana kazi, ana adabu, na baba ya msichana anampenda. Msichana naye alimpenda baba yake sana, kwa hivyo alinyamaza. Akadhani akinyamaza mambo yatajimaliza. Yale maneno aliyopaswa kumwambia baba yake akawa anawaambia watoto wa watu. Na yale aliyopaswa kumwambia Fundi, pia. Hakuwa anamcheka. Alikuwa anataka tu kumtaja mahali fulani, kwa sauti, watu wasikie. Alikuwa anampenda na hakuwa na mtu wa kumwambia."

Machozi yalikuwa yameanza. Hakuyafuta.

"Halafu?" mzee akauliza tena, polepole.

"Na baba ya msichana alisema nini?" Wacera akadakia.

"Sijui," Ndindi akasema. "Bado hajasema."

Watoto walingoja. Wacera alifuata macho ya Anti mpaka kwenye kile kiti kidogo, akamwona mzee, kisha akaziba mdomo wake kwa mkono.

Mzee Makau aliigeuza kofia mara kadhaa.

"Huyo baba," hatimaye akasema, "alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa dereva, Baba. Dereva mzuri sana."

"Basi hakuwa anakaa nyumbani. Alikuwa akirudi safari anapata mtoto amekua kidogo. Anaenda tena, akirudi amekua tena. Akawa anajiambia, nikipumzika hii kazi tutakaa tuongee." Aliiweka kofia gotini. "Sasa amerudi, na mambo ya binti yake anaambiwa na watoto kwa bomba, wakiwa wanachota maji. Wanajua wao wote. Yeye ndiye hajui. Hiyo inauma, Ndindi. Si fundi inaniuma. Ni hiyo."

"Pole, Baba. Pole sana."

"Usinipe pole mbele ya watoto."

Watoto walicheka, na mzee mwenyewe akatabasamu bila kutaka. Alijaribu kuinuka na kiti kikainuka naye. Njogu aliruka, akamshika mkono mmoja na kukivuta kiti kwa mwingine. Wakabaki wamesimama uso kwa uso.

"Kijana, unaitwa nani? Na usiniambie Masizi."

"Naitwa Njogu, mzee."

"Wazazi wako?"

"Baba alitutoka. Mama yuko Murang'a."

"Anajua uko na nia gani na binti yangu?"

Njogu alimtazama Ndindi, kisha mzee. "Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kama naruhusiwa kuwa na nia, mzee. Lakini niko nayo. Nimekuwa nayo siku nyingi."

"Mwambie mama yako. Mimi sipokei mtu asiye na mkubwa nyuma yake. Sijakubali, usielewe vibaya. Nimedanganywa na mafundi wengi, na ukiniambia kitu kiko tayari na hakiko, nitajua."

"Lakini naenda Nakuru Jumatatu."

"Nakuru!" Mzee alipuuza kwa mkono. "Hiyo ni mwendo wa asubuhi tu. Chai ya saa nne unakunywa huko."

Kisha akamgeukia binti yake, na sauti ikawa nzito tena. "Lakini kesho wageni wanakuja. Siwezi kuwafungia mlango. Utawapikia vizuri, na wakishakula utamwambia Phares mwenyewe, kwa mdomo wako. Sitakusemea. Mama yako atakasirika mwezi mzima, na baba ya Phares pengine hatanisalimia kanisani tena. Utaweza?"

"Nitaweza," Ndindi akasema.

"Nangoja hapo nje." Mzee alivaa kofia, akawaaga watoto kwa heshima kama anawaaga watu wazima, akatoka.

Saa ya hadithi ilikuwa imekwisha. Watoto walitawanyika kwenye rafu, wakigombania vitabu walivyokwisha kuvisoma, na Wacera alienda nao shingo upande, akigeuka kila hatua. Ndindi na Njogu walibaki mezani, kila mtu upande wake. Njogu aliichukua kadi na kuirudisha mfukoni. Kitabu pia akakichukua, akasema wenzake hawatamsamehe.

"Ulinichungulia nikinawa?" akauliza.

"Mpaka ukafunga bomba."

"Kumbe." Aliangalia chini. Mtu ambaye alisoma kwa sauti mbele ya gereji nzima sasa alikuwa anatafuta pumzi. Akainama juu ya meza na kusema kitu, kwa sauti ndogo mno.

"Sijasikia," Ndindi akasema.

Akasema tena.

"Njogu, sisikii."

"Nimesema nakupenda, Ndindi! Nimesema ukiningoja nitakuja na mama yangu hata kama ni kwa miguu!"

Sauti iligonga dari. Upande wa watu wazima kurasa za gazeti zilishuka zote, na nyuma ya kila ukurasa kulikuwa na mzee anayetazama. Njogu aliganda. Ndindi alijifunika uso kwa viganja.

Mzee mmoja wa pale mwisho, aliyekuwa na ukurasa wa michezo, alivua miwani yake.

"Tumesikia sote, kijana," akasema. "Wewe msichana mjibu, tuendelee kusoma."

Ndindi aliondoa mikono usoni. Akamjibu kwa sauti yake ya saa ya hadithi, ile inayofika mpaka rafu ya mwisho, na hakuna aliyebaki bila kusikia.

"Nitakungoja."